Hana Hakushuka Garini

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana moyo wangu hautulii. Mimi ni Vestina, nakaa Sitalike, jirani na mbuga ya Katavi. Kila kiangazi alikuwa anakuja Mjerumani mmoja, Hana, watalii wenzake wakilala kambini yeye analala kwetu, anasonga ugali na mama yangu Specioza huku wanacheka, hata Kiswahili alifundishwa na mama, basi mwaka jana kikaingia kipindupindu, mama akaugua asubuhi, jioni hatunaye, na watalii wakaacha kabisa kuja. Mwaka huu wameanza kurudi lakini siyo kama zamani, wanakuja na maji ya chupa na vyakula vya makopo, wanaangalia viboko kisha wanaondoka bila kumsalimia mtu. Nikajisemea Hana wangu hawezi kuwa hivyo. Niliposikia anakuja, nikachinja kuku. Gari likasimama mlangoni, Hana akateremsha kioo nusu, mkono hakunipa, akauliza, "Mama yuko wapi?" Kwa hasira nikajibu, "Yupo, amekwenda shamba." Akasema, "Msalimie. Naenda Kigoma, nitapita tena kabla ya mvua. Nimemletea kitenge." Sasa nikimwambia mama alikufa kwa kipindupindu, si atakimbia moja kwa moja? Na nikinyamaza, mama nitamtoa wapi? Nawakumbuka wote wawili, aliye kaburini na aliye nyuma ya kioo.

Vestina, Sitalike

Marahaba, Vestina mwanangu, na pole sana kwa msiba. Lakini hapo kwenye "yupo" umekosea, tena sana. Umemnyima Hana nafasi ya kumlilia mama aliyempenda. Unamlaumu kwa kioo, je, wewe mwaka jana ulikuwa unakula kila nyumba? Sote tuliacha kupeana mikono, hata kanisani. Anaogopa kama tulivyoogopa sisi. Angekuwa amewasahau, angebeba kitenge cha nini?

Akija, weka nje ndoo ya maji na sabuni, nawa mbele yake. Chai ichemke akiiona. Asipotaka kula usimlazimishe, wala usinune. Na kabla ya yote, mwambie: "Mama alifariki mwaka jana, kwa kipindupindu. Nilikuficha kwa hasira." Kisha mwache apumue. Akiondoka utalia, sikudanganyi, ila hutakuwa na uongo wa kulinda. Akishuka, mpeleke kaburini, mkae huko mpaka mchoke kulia.