Kamba Iliyotikiswa Kwenye Barafu

Ansab, Maskati

Mama mpendwa,

Hujambo, na magoti yako yanasemaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima kabisa. Ukisikia kwamba nilikwenda kutembea juu ya barafu Pakistani, usimkemee aliyekuambia. Ni kweli. Keti kwanza nikueleze.

Salim ni mtoto wa Bi Zuwena, yule mama mzee ninayemwendeshea gari. Aliposikia kwamba nilikuwa pota, mbeba mizigo ya watalii, Mlima Kenya, hakunipa nafasi ya kupumua, lazima twende wote. Bi Zuwena akanishika mkono mlangoni. "Mutugi, nnae huyu mmoja tu. Nakukabidhi." Mama, sijawahi kubeba mzigo mzito kama huo.

Barafu ile si kama yetu ya kule kileleni. Ni mto mzima ulioganda kati ya milima, utatembea juu yake kutwa na mwisho wake huuoni. Uzuri wake sikwambii. Inalia chini ya miguu kama mabati yakipigwa na jua. Ubaya wake ni nyufa zilizofichwa na theluji, kwa hiyo tulifungana kamba: kiongozi, mwenyeji wa kule, mbele na fimbo yake, mimi katikati, Salim nyuma.

Jua lilipopanda theluji ikalainika, Salim akazama. Kamba ikaniangusha kifudifudi, nikang'ang'ania na sururu yangu ya barafu mpaka kiongozi akafika. Akachungulia, akaona kama kibaraza huko chini, akasema tumshushe asimame hapo kwanza. Upepo ulivuma, hatusikii neno. Tukamshusha polepole. Mara kamba ikatikisika mkononi mwangu, kidogo kidogo, kushoto kulia.

Sasa Mama, huku Maskati mgeni akitosheka na kahawa hasemi. Anatikisa kikombe hivyo hivyo, nawe huongezi. Kila Ijumaa mimi ndiye ninayewamiminia Salim na wageni wake. Nikamwambia kiongozi, "Usishushe tena, ametosheka." Akasisitiza bado kidogo. Nikakataa katakata, tukamvuta. Alipotoka viatu vyake vilikuwa vimelowa chepechepe. Kile kibaraza kilikuwa barafu nyembamba juu ya maji. Mungu si Athumani. Nilimkumbatia nikicheka na kulia, wala sioni haya kukuambia.

Na tuliivuka, Mama! Yote, mpaka ng'ambo.

Tuliporudi, Bi Zuwena alimwita mwanawe karibu. Alimshika mikono akamkagua vidole kimoja kimoja kama baridi haijavila, kisha akakagua vyangu. "Na mamako lini kakuona?" Nikamwambia tangu nije huku sijarudi. Akamgeukia Salim. "Mkatie tiketi. Mwenzio naye ana mama."

Nisalimie shangazi anayekupikia, na kaka yangu aliyebaki na upota huko mlimani, mwambie sasa hatanicheka tena kwamba nimegeuka dereva. Mchungaji aliyeniombea nilipoondoka nyumbani mpe asante zangu.

Mwisho wa mwezi nakuja nyumbani, Mama. Vidole utavikagua mwenyewe.

Mwanao,
Mutugi