Nani Ameliona Daftari Langu la Vipimo?

Chumba cha Ushonaji,
Ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani,
S.L.P. 418.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Mpendwa mwanangu Mdadisi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, mama yako mdogo. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimeisha, au bado unakunywa maji baridi kama samaki? Na masomo je, wamekubana na hiyo mitihani ya mwisho? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia, lile la kukanyagia cherehani, ambalo siku hizi linalalamika kila nikipanda ngazi. Mzee Vifungo, mwenzangu wa chumba anayeshona mashati, anasema goti langu halina ugonjwa, lina uvivu. Mwache, anajifanya kijana.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu uliyoninunulia ipo na salio lipo. Mwanangu, simu nimeiogopa. Barua hii naandika kwa mkono, nitaifunga kwa gundi mwenyewe na kuipeleka posta mwenyewe. Vingine vyote nilivyoandika, kwa sasa sijui vinasomwa na nani.

Unakumbuka ulipokuja likizo mwaka juzi ukanikuta nalia juu ya daftari la vipimo? Paa lilikuwa limevuja, wino umetapakaa, kifua cha mtu kimeingia kwenye mkono wa mwingine. Ukaniambia, "Mama Mdogo, piga picha kila ukurasa. Zitajihifadhi zenyewe winguni, hata chumba kiungue utazikuta." Ukanifungulia akaunti, ukaweka neno la siri, ukaandika na barua pepe yako pembeni ili nikikwama unisaidie. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kufunga nimekuwa nikipiga picha ukurasa wa siku. Nilikuwa nimeshaanza kujivuna.

Mwezi uliopita nilikuwa nimepiga magoti nabana pindo la gauni la mwalimu mkuu, pini mdomoni, simu ikalia mezani. Nikatazama: "Furahia kumbukumbu zako." Kisha muziki, tena wa taratibu wa kuliza watu, na kurasa za daftari langu zikaanza kupita moja baada ya nyingine. Nyonga za watu wazima zinapita kwa muziki! Mwalimu mkuu akainama aone. Nikaikalia ile simu.

Nani alikaa akazichagua? Mzee Vifungo anasema hakuna mtu, ni mashine tu. Nikamuuliza, mashine isiyo na mtu imejuaje kwamba kiuno cha karani wa benki ni kumbukumbu yangu ya kufurahia? Akarudi kwenye kola zake.

Wewe unaweza kucheka, lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya mwili aijuaye fundi. Futi yangu huambiwa mambo ambayo mume hajaambiwa. Nimewahi kumpima bibi harusi mara mbili ndani ya wiki tatu, na mara ya pili nikaongeza kitambaa kiunoni bila kuuliza neno. Mpaka leo hajui kama nilijua. Daftari lile ni imani ya watu mia mbili na zaidi, nami nimelipeleka mahali nisipopaona.

Nikashuka kwa yule dada fundi simu wa ghorofa ya chini. Akabonyeza, akasema, "Mama, hii folda inaonwa na watu wawili." Wawili? "Wewe, na mwenye barua pepe hii." Nikasoma herufi, nikaliona jina lako. Nikamwambia basi afute. Akasema akifuta picha hapa, zitafutika kila mahali, ila zitakaa kwenye pipa siku thelathini. Sasa zimefutika au zipo? Na zikifutika kila mahali, vipimo vya wateja nitavitoa wapi? Nikachukua simu yangu nikapanda ngazi nikiwa sielewi kichwa wala miguu.

Na yote hayo, mwanangu, yangekuwa mzaha kama si mama yako.

Jumapili ya tarehe mosi ulimpigia simu. Jumatatu yake alfajiri nilimkuta amesimama mlangoni kwangu, sijatoa hata ufunguo.

"Umemwambia mtoto!"

"Sijamwambia, dada."

"Mbona ameniuliza kama ninakula? Mbona anauliza mara ya mwisho nilimwona daktari lini? Miaka yote anauliza habari za majirani, leo anauliza sahani yangu?"

Nikaapa kwa makaburi ya wazazi wetu. Akanitazama kuanzia chini hadi juu. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akalichukua gauni lake ambalo halijaisha, na pini zake, akaondoka.

Wiki nzima nimebaki njia panda. Nataka kukuuliza swali moja tu: umeuona ukurasa wa mama yako? Lakini kama hukuuona, nikikuuliza hivyo nimeshakuambia kwamba kuna kitu ukurasani. Na kama umeuona, basi dada yangu ana haki, nimekuambia bila kufungua mdomo, kiapo changu hakina maana. Huenda pia hujaona lolote, umeuliza tu kama mtoto anavyomuuliza mama yake. Ngoja niweke kalamu chini.

Ijumaa, tarehe 13

Barua hii imelala siku nne kwenye droo ya chaki. Mara mbili nimeishika niichane.

Jana mama yako alirudi na lile gauni. Hakusalimia. Alisimama katikati ya chumba akainua mikono, kama afanyavyo siku zote nikitaka kumpima. Nikampima. Kisha nikamweleza yote, paa, picha, muziki, watu wawili. Nilidhani atanizaba kofi, na ningelipokea.

Akalikunja lile gauni mikononi. Halafu akauliza, "Kwa hiyo labda aliona, akakaa kimya na mzigo huo peke yake, akaniuliza tu kama ninakula?"

"Labda, dada. Labda hakuona. Mimi sijui tena."

Akaketi kwenye benchi la wateja akalia, uso ndani ya gauni. Nami nikalia. Mzee Vifungo akakumbuka ghafla kwamba uzi umemwishia, akatoka, na kabati lake limejaa uzi.

Alipojifuta akasema, "Mwandikie. Lakini andika wewe. Nikiandika mimi nitamdanganya."

Basi nakuandikia kwa ruhusa yake. Kiuno cha mama yako ulipoondoka mwaka juzi kilikuwa inchi arobaini na moja. Juni mwaka jana, thelathini na nane. Novemba, thelathini na nne. Jana, thelathini na moja. Kila mara alisema kitambaa kimelegea, na kila mara nilipunguza mshono nikamwitikia, ndiyo dada, vitambaa vya siku hizi hovyo. Hapo sina wa kumlaumu, wala simu wala wingu. Niliona kwa macho yangu nikashona.

Mwishowe nilipomwambia anakonda, aliniapisha nisikuambie kwa sababu alijua utaacha masomo mwaka wa mwisho. Nimembembeleza aende hospitali mara tatu, amekataa mara tatu. Anaogopa, mwanangu. Jana amekubali, lakini amesema atakwenda ukiwepo wewe. Mitihani yako najua inaisha mwezi ujao. Sikuambii uiache, sikuambii uimalize kwanza. Hapa nakuachia wewe.

Lile jambo la picha bado sijalielewa. Kama uliona, sikukasirikii, ila ungeniambia, nisingekosana na dada yangu. Kama hukuona, usiende kutazama sasa. Ukija utoe jina lako kwenye ile folda, wala usinune. Watu wale walinipa miili yao niipime mimi, hawakunipa nikuonyeshe.

Mzee Vifungo anakusalimu, anauliza kama huko mashati yanashonwa na binadamu. Dada fundi simu naye ametoa salamu ingawa hakujui, anasema jina lako amelizoea. Wasalimie wenzako unaokaa nao. Mungu akulinde, akupe akili ya kuamua, na akuongoze salama njia yoyote utakayoichagua.

Mama yako nilimuuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alisema hatumi. Anataka akusalimie mwenyewe, mlangoni.

Mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,

Mama Mdogo