Nani Atamchukua Mzee Lucius?

Mtaa wa Magnolia,
Oakland, California.
Jumatano, 6 Machi 2019.

Mpendwa Marquell, mwana wa kaka yangu,

Kosa wanalofanya wengi wanaoanzisha chama ni kuhesabu viti vitupu na kumsahau aliyekaa. Nitalirudia hilo, maana bibi yako angefufuka kunikemea nikianza habari kabla ya salamu. Hujambo, mwanangu? Kifua kimepona? Huko Omaha theluji imeanza kuyeyuka, au bado unafukua gari lako kwa sepetu kila asubuhi? Sisi hatujambo. Mvua imenyesha wiki nzima, na mlimau wa uani umezaa hadi majirani wananikwepa wakiniona na ndoo. Rosario wangu anakusalimu. Magoti yanamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo.

Ningekupigia simu, lakini wewe na simu yako mnajuana wenyewe. Isitoshe, barua mtu huweza kuisoma mara mbili.

Umeniandikia kwamba unataka kukifunga chama chenu. Umeazima ukumbi wa maktaba, ukabandika matangazo kila saluni, ukawaalika watu wetu: wanaume wapendao wanaume, wanawake wapendao wanawake, waliovuka jinsia, Weusi, Walatino, watu wa makabila ya asili. Yaani wale ambao kwenye vyama vya Wazungu huonekana wageni, na makanisani kwao huombewa wabadilike. Ukaandaa ajenda ya kurasa mbili. Kisha, umeandika, "kaja mzee mmoja tu, Lucius, akala bisi zote, akauliza kama yupo mwenye gari Alhamisi tarehe kumi na nne, akaondoka." Hizo bisi zilinichekesha. Nilipofika kwenye swali la gari nikaacha kucheka, na nitakueleza kwa nini.

Mwaka 1991 sisi tulikuwa wengi, na bado chama kilikuwa karibu kufa. Tulikutana hapa sebuleni tukakubaliana kwamba jina letu lisimwache mtu nje. Jambo jema. Lakini kila aliyeingia alileta neno lake, na kila neno lilikuwa na haki. Miezi ikapita tukikibatiza chama. Rosario, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anashona bango la maandamano ya Juni, na kila Jumapili aliongeza kipande, hadi bango likatoka sebuleni likaingia jikoni.

"Jamani," akasema, "mkimkumbuka mwingine, mniletee barabara nzima."

Jumapili moja tulikuwa tunabishana kama Wafilipino wahesabiwe na Waasia wengine au wasimame peke yao. Winnie Toliver akainua mkono. Winnie alikuwa dereva wa basi, mwanamke wa maneno machache.

"Mkimaliza ubatizo," akasema, "yupo mwenye gari Jumanne?"

Alitakiwa kupasuliwa jicho. Upasuaji wenyewe ni wa asubuhi, mchana unarudi kwako. Lakini sheria ya hospitali ni kwamba ukishapewa dawa ya kukusinzisha, huruhusiwi kutoka peke yako, wala kwa teksi. Kama huna mtu wa kukuchukua, hawakupasui. Winnie alikuwa amerudishwa mlangoni mara mbili. Ndugu zake walimkata siku walipojua anaishi na mwanamke, na mwanamke huyo alikuwa ameshafariki. Kazini walikwisha kumsimamisha, kwa kuwa dereva mwenye ukungu machoni si dereva. Alikuwa ameketi kati yetu tangu Februari, na hakuna aliyemuuliza chochote isipokuwa neno lake la kuongeza kwenye bango.

Rafiki yetu Dupree alikuwa na gari la kusambazia maua. Jumanne tukajazana humo, tukashuka hospitalini tukinukia kama arusi. Muuguzi wa mapokezi akatutazama: Dupree, Mweusi mrefu kama mlingoti, na kofia yake ya manyoya, Rosario, Mfilipino mfupi kama kinu, mimi na miwani yangu ya ualimu.

"Nyie ni ndugu zake?"

"Kwani hatufanani, dada?" Dupree akamjibu.

Rosario akadakia: "Mama mmoja, baba wengi."

Muuguzi alicheka hadi akashika meza, kisha akatuandika. Mchana Winnie akatolewa, jicho limefungwa, bado ana usingizi. Tulipompandisha garini akanusa. "Nani kafa?" akauliza. "Mbona maua?"

Tangu siku hiyo tunafungua kila mkutano kwa swali moja: nani anahitaji kuchukuliwa? Ajenda huja baada ya chakula. Kwa swali hilo tumepata madereva, kisha wa kukaa na wagonjwa, kisha hao hao wakawa ndio wanaokwenda kubanana na madiwani, kwa sababu mtu aliyewahi kukurudisha nyumbani ukiwa umesinzia, ukimwita atakuja. Jina hatujalimaliza hadi leo. Bango ndilo kitambaa cha meza yetu ndefu; mchuzi umeshafuta maneno mawili na hakuna aliyelalamika.

Sasa isome tena barua yako. Huenda nakosea, maana sikuwapo. Lakini mzee haji kwenye ukumbi mtupu wakati wa baridi kwa ajili ya bisi. Alikuja mahali pekee palipoandikwa kwamba mtu kama yeye anakaribishwa, akaitaja shida yake kama wazee wanavyoitaja: haraka, kando, mkono ukiwa ndani ya bakuli. Chama chako hakikufa jioni ile, mwanangu. Ndipo kilipozaliwa, nawe ulikuwa unatazama viti.

Msalimie baba yako Roland, mwambie kimya chake nakisikia hadi huku. Msalimie dada yako Yolanda na mapacha wake. Malimau yao yanakuja kwa posta, wapende wasipende. Mungu akupe afya, marafiki wa kukutania, na mtu wa kukungoja mlangoni kila utakapotoka umesinzia.

Ni mimi nikupendaye tangu ulipokuwa na jino moja,
Shangazi Ernestine

Nyongeza: Leo, kabla hujaikunja barua hii, mpigie simu Mzee Lucius umuulize Alhamisi umchukue saa ngapi.