Kichwa cha Bwana Vidonge

Tarehe 6 Februari

Kwako baba,

Shikamoo mbili, moja yako na moja ya mama, maana najua atanung'unika kuwa nimemsahau. Mimi mzima kama chuma cha reli. Nyie je? Na kichwa chako, bado mnagombana nacho?

Sasa kaa chini usije ukaanguka. Mwanao si mfagia nywele tena! Yule kijana aliyekuwa anawakanda wateja vichwa kaacha kazi. Kinyozi akatazama huku, akatazama kule, akaniona mimi na ufagio wangu. "Wewe, nawa mikono uje hapa." Nikanawa. Nikamshika kichwa dereva mmoja wa lori, mtu mzima, shingo kama gogo. Hata sijafika utosini, anakoroma! Kinyozi akabaki mdomo wazi, wembe hewani.

Tangu hapo wananipangia foleni. Walimu wamo, polisi wamo, na mama mmoja mwenye duka anasema mikono hii ingefaa iwekewe mlinzi. Mimi niliyefukuzwa darasa la sita kwa kushindwa kugawanya, leo nawafumbisha macho watu wenye vyeti ukutani.

Kwa kuwa ni baba yangu nakufundisha bure. Mama asimame nyuma yako. Aanzie kwenye panja, huku na huku, azungushe vidole taratibu kama anayefungua kifuniko cha chupa. Apande utosini. Ashuke kisogoni mpaka kwenye mishipa ya shingo. Kucha asitumie. Wewe ufunge macho na mdomo, hasa mdomo.

Nina mteja mmoja lazima nikusimulie. Suti, gari lenye dereva, na akitembea vidonge vinalia mfukoni chaka-chaka kama njuga. Tumempa jina la Bwana Vidonge. Kichwa kinamuuma usiku na mchana, na ni kigumu, baba, kama ndimu changa. Nimekikanda mara mbili kinanikatalia. Lakini nani alishawahi kunikatalia mimi? Tutaona.

Ni mimi mwanao,
Fundi wa Vichwa


Tarehe 20 Februari

Mwanangu Mdomo,

Marahaba. Ya mama yako nimemfikishia, akacheka, kisha akauliza kama unakula. Sisi wazima, ukiondoa hiki kilichoko juu ya shingo yangu.

Mama yako aliisoma barua yako mara moja tu akasema ameelewa. Alinikanda kama unga. Nilipolalamika akasema, "Tulia, mtoto ameandika ufunge mdomo." Lakini sitakunyima haki yako. Baada ya siku chache, alipopunguza hasira, kile kitu kinachogonga nyuma ya macho yangu kilinyamaza. Nikalala kama mtoto. King'ora cha kiwanda kilipolia asubuhi, kitu kile nacho kikaamka pamoja nami.

Ni kwamba maumivu yangu hayatoki kichwani, mwanangu. Yanatoka kwenye maneno tunayoyasikia. Kampuni yetu ina viwanda viwili vya mablanketi, hiki chetu cha zamani na kile kipya, na inasemekana kimoja kitafungwa. Juzi walituletea bwana mmoja kutoka makao makuu, huko huko mjini kwenu. Alipita katikati ya mitambo, viatu vinang'aa, vidole amevikandamiza kwenye panja. Akasimama kwangu. Akaniuliza nimefuma hapa tangu lini. Nikamwambia tangu sijaoa. Akanitazama, akatoa vidonge mfukoni, akavimeza kwa maji ya bomba tunalonawia mikono, akaondoka.

Kikifungwa chetu, kwa umri huu hakuna atakayenichukua. Mimi duniani najua kutengeneza kitu kimoja tu.

Fanya kazi. Punguza majivuno.

Baba yako


Tarehe 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za afya nitawauliza huko chini, maana hapa juu kunawaka moto.

Huyo bwana wenu ndiye Bwana Vidonge wangu! Yeye mwenyewe! Sikiliza. Jumamosi kaja, nimemfunga taulo, naanza. Hujui, baba, mtu akikandwa vizuri kisogoni maneno yanamtoka yenyewe kama maji kwenye bomba bovu. Nimesikia humu mambo ya ndoa za watu ambayo hata wewe ungeona haya. Basi huyu, macho kafumba, akaniuliza, "Kijana, una watoto?" Nikamwambia bado, wanaonitaka ni wengi, nachagua. Hakucheka. Akasema, "Nimepewa karatasi niitie sahihi. Wakubwa wangu wanataka kile kiwanda cha zamani kifungwe. Nami nilikwenda nikakiona. Nikawaona wale wazee kwenye mitambo. Sasa kila nikishika kalamu kichwa kinapasuka, naiweka chini. Wananipigia simu kila siku. Silali."

Mikono ikasimama hadi akauliza kama nimechoka.

Sasa uone akili ya mtu wa darasa la sita. Kichwa kinachoamua ugali wetu kimelala kwenye viganja vyangu! Nitakikanda mpaka kiwe laini kama pamba. Nitamponya, asahau hata vidonge vinafananaje. Na mtu akishaponywa na wewe, baba, ana ubavu gani wa kukukatalia ombi? Hapo ndipo nitainama sikioni nimwambie: mzee wangu ni mmoja wa wale.

Wewe endelea kufuma. Waambie wenzako watulie, yuko mtu anashughulika.

Haya, mko wazima? Mama anaendeleaje?

Mwanao, Tegemeo la Kiwanda


Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wazima sote. Barua yako imefika leo, nami nakujibu leo leo.

Nisikilize mara moja katika maisha yako. Mwache kichwa kimuume.

Mama yako alisema, "Masikini, mtoto amtibu tu mtu wa watu." Nilitaka kukubali. Kisha nikaenda kazini, nikashinda siku nzima nikiwaza mbele ya mtambo. Mtu yule tayari ameagizwa atufunge. Wakubwa zake wamesema, karatasi iko mezani, kalamu iko mezani. Kinachomzuia ni nini? Si huruma ya wakubwa. Si sheria. Ni yale maumivu. Siku yakipoa atashika kalamu, na hakuna kitakachomrudisha nyuma.

Usimponye. Mwambie una jipu kidoleni. Mwambie umefiwa, niue hata mimi ukitaka, sitakasirika. Na kama kinyozi wako hakuruhusu kumkataa mteja, basi mkande vibaya.

Unanielewa? Mkande vibaya.

Baba yako


Tarehe 25 Machi

Baba yangu mwoga,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mama hajambo, na woga wako nao haujambo.

Nilicheka na barua yako mpaka kinyozi akataka asomewe. Sikumsomea. Ila usiseme sikukutii. Jumamosi alipokuja nilimkanda vibaya kwa makusudi. Nilimvuta nywele. Nilimbonyeza pasipo na mshipa, kama mama alivyokukanda wewe. Akaniuliza bila kufumbua macho, "Kijana, leo vipi?" Kinyozi akanikazia jicho. Wateja kwenye benchi nao wananitazama. Baba, niliona haya ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile mwalimu mkuu alipokuita shuleni. Unajua wewe kufuma blanketi lenye tundu, kwa kutaka, watu wanakutazama? Basi na mimi sijui.

Vidole vikajirudi vyenyewe kazini. Na siku hiyo ndiyo vilifanya kazi! Kile kigumu cha kisogoni, kile nilichohangaika nacho tangu mwanzo, nilikisikia kinaachia chini ya kidole gumba, taratibu, kama fundo la kamba iliyolowa. Akavuta pumzi moja ndefu. Akalala. Tukamwacha, wateja wengine wakanyolewa wakaondoka, yeye yupo tu, mdomo wazi, suti na yote. Alipoamka alikuwa na alama ya taulo shavuni. Akashika kichwa chake kama mtu anayetafuta kofia. "Hakipo," akasema. "Hakiumi." Akatoa kichupa cha vidonge mfukoni, akaninyooshea juu ya bega bila kugeuka, akaniambia nikitupe.

Hapo nikainama, bado niko nyuma yake. "Bosi, baba yangu anafuma kule kiwanda cha zamani." Akawa anafunga vifungo vya koti. "Vizuri, vizuri," akasema. "Nitakumbuka."

Umesikia, mzee? Atakumbuka! Wewe una mvi nyingi, lakini vichwa huvijui. Vichwa niachie mimi. Andaa maneno ya kuniomba radhi, na yawe marefu.

Mwanao, Daktari


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Mama yako yupo. Mimi nipo.

Kiwanda kimefungwa Jumatatu.

Alikuja yeye mwenyewe. Tulikusanywa pale tunapokunjia mablanketi, akapanda juu ya meza ili tumwone. Nilimtazama mikono muda wote. Haikwenda kichwani hata mara moja. Alisema vizuri, sauti haikutetemeka, alitushukuru kwa miaka yetu, akatutakia heri. Jirani yangu wa mtambo alininong'oneza, "Afadhali safari hii anaonekana amelala." Hajui wewe unafanya kazi gani huko, na sitamwambia.

Kisha mitambo ikazimwa, mmoja baada ya mwingine. Wangu ulikuwa na blanketi lililofika nusu. Nikaomba nilimalizie. Msimamizi akasema haina haja, akakata nyuzi.

Sikuandiki kukulaumu. Ulifanya kazi yako vizuri, na mimi ndiye niliyekulea ukiniona kila siku nafanya yangu vizuri. Nakuandikia kwa jambo jingine. Ulisema aliahidi kukumbuka. Mkumbushe. Kile kipya kina geti, nitafungua geti. Kina sakafu, nitafagia. Kuna vijana watakaoniamrisha, nitaamrishwa. Mwambie hivyo hivyo, usipambe. Huku nimeuliza kila mahali. Wanatazama mvi, wananiambia nipumzike.

Mama yako hasemi sana siku hizi. Jioni anasimama nyuma ya kiti changu, ananishika kichwa, namwambia aache, haachi.

Barua itakayokuja, usiniandikie mzaha.

Baba yako


Tarehe 2 Juni

Baba,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yake.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nijibu nikiwa na kitu.

Nilimngoja Jumamosi ya kwanza, sikumwona. Nikangoja nyingine. Kila gari likisimama nje nilimwacha mteja na mafuta kichwani nikachungulia. Mwisho kinyozi akaniambia, "Unamngoja yule? Yule amepona. Mtu aliyepona anarudi kufuata nini?"

Nikaenda makao makuu. Mlinzi wa mlangoni akaniuliza nina miadi, nikasema mimi ndiye ninayemkanda kichwa. Akawaita wenzake waje wasikie. Nilirudi siku nyingine, na nyingine, nikawa nasimama ng'ambo ya barabara, mpaka wakachoka kunifukuza.

Jana akatoka. Peke yake, anapiga mluzi. Nikavuka barabara mbio, nikamsimamia mbele. Nilikuwa nimeyapanga maneno yako yote, geti, sakafu, kuamrishwa. Akanitazama usoni, kwa adabu tu, kama unavyomtazama mtu aliyekukanyaga kwa bahati mbaya. Ndipo nilipoelewa. Hajawahi kuniona, baba. Alikuwa akiingia anakwenda moja kwa moja kwenye kiti na mikono usoni, anafumba macho, na mimi siku zote nilikuwa nyuma yake.

Mdomo wangu huu ukakauka. Nikanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, nikidhani labda hiyo ataijua.

Akaingiza mkono mfukoni, akaniwekea sarafu, akapanda gari.

Mwanao