Trekta la Mama Mkwe Linanikwepa

Mpendwa Shangazi Awor,

Nakuandikia nikiwa dukani kwangu hapa Busia upande wa Uganda, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe linaanzia kwenye mchezo wa kompyuta lakini limenifikisha mahali ambapo siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mimi ni Japadhola wa Rubongi, fundi wa kompyuta, nimemuoa Maggie, Mteso wa Molo ya huku kwetu Uganda. Mama yake ni mwalimu mstaafu, mjane, anaishi peke yake kule Molo na kuku wake na mihogo yake. Mila yetu na mama mkwe unaijua, Shangazi: simpi mkono, siketi naye meza moja, chungu cha ajono, pombe ya wimbi, akikikalia yeye mimi siushiki mrija, na tukikutana njiani mmoja wetu lazima apinde ashike njia nyingine. Miaka yote ya ndoa yetu tumesalimiana kwa mbali kama watu walio ng'ambo mbili za mto, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa Eibu, kaka yake Maggie aliye Kanada, alimtumia mama yao kompyuta ya Mac, nzuri kweli, halafu akataka wawe wanacheza pamoja mchezo wa shamba, ule wa kulima na kuvuna na kuendesha matrekta, kila mtu akiwa kwake lakini shamba ni moja, ili mama asijione ameachwa, na hapo ndipo wakagundua kwamba mchezo ule umetengenezewa kompyuta za Windows, kwenye Mac haukubali hata kufunguka, basi Maggie akaniletea mashine dukani akasema, "Fanya kitu, mama nangoja." Na mimi kwa kweli nilifurahi, kwa sababu ni kazi ninayoipenda na ni njia ya kumtendea mema mama mkwe bila kumkaribia. Hizi Mac mpya zina chipu yao wenyewe, huwezi kuigawa diski ukaweka Windows upande mmoja kama tulivyozoea kwa zile za zamani, inabidi uweke programu ya katikati inayoudanganya mchezo uamini uko ndani ya Windows. Nikaiweka, nikaingiza na neno la siri la shamba alilonipa Eibu, mchezo ukafunguka, Mac ikarudi Molo.

Kosa langu ni kwamba nilitaka kuhakikisha. Nikaingia shambani mwao kutoka kompyuta ya dukani, nione kama mashine ya mama inakwama watu wakiwa wengi, nikidhani hayupo, kumbe yupo, akaniandikia pale pale, "Wewe nani naingia kwa shamba yangu?" Shangazi, nikababaika. Ningemjibuje? Kwamba ni mkweo, nimeingia kwenye boma lako bila hodi? Nikaandika, "Mimi Okanya, rafiki ya Eibu, niko Busia ya Kenya." Akaandika, "Sawa Okanya. Wewe jirani, lima kule ng'ambo. Huku nalima mimi."

Nilisema sirudi tena, nikarudi. Mchana duka likipoa naingia kulima, naye yupo, na niseme ukweli nilikuwa nafurahi, maana sikuwahi kujua kwamba mama huyu ana utani. "Okanya, hiyo ngano wewe nangoja ioze ndipo uvune?" ananiandikia, nami nacheka peke yangu dukani. Mac ikimkwamia namwambia abonyeze wapi. Tatizo moja tu lilinishinda: nikilisogeza trekta langu karibu na lake, lake linageuka linakwenda. Nikiingia kwenye nyumba ya shambani kwa mlango wa mbele, yeye anatokea mlango wa nyuma. Kwa Eibu halifanyiki hilo. Nikadhani ni vituko vya Mac, maana mchezo wa Windows ukiuendesha huko picha huchelewa na vitu hujisogeza, nikamwelekeza apunguze ubora wa picha, afunge programu nyingine, bado trekta linanikwepa.

Sasa hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Mvua zilipoanza aliniandikia hivi, nakunukulia kama yalivyo: "Okanya, mimi iko na kitu kwa titi. Kama jiwe ndogo. Haiumi. Sijaambia mtoto yeyote. Eibu iko mbali, atatoroka kazi aje. Maggie ni mtu ya kulia haraka, yeye nataka mtu wa kumwambia pole pole." Nilitoka nikasimama mlangoni kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Niliporudi nikamwandikia aende hospitali, akajibu, "Nitaenda nikipata mtu wa kunipeleka," kisha akaendelea kuvuna.

Nimebaki na jiwe hilo kifuani mwangu mimi. Nikimwambia Maggie ataniuliza nimejuaje, nami nitasema nini, kwamba mama yako amenisimulia habari za titi lake? Mimi, mkwe? Wazee wa Molo wakisikia watanifanya nini, na mama mwenyewe akijua kwamba Okanya ni mimi si atakufa kwa aibu kabla ya huo ugonjwa? Tena ni siri, aliniamini. Nimefikiria kumtumia Maggie ujumbe kwa laini ya simu asiyoijua, nimefikiria kuizima ile programu ya katikati ili Mac iletwe dukani nipate pa kuanzia mazungumzo, nimefikiria hata kuacha kucheza nijifanye sikusikia kitu. Ninampenda mama huyu, Shangazi. Sijawahi kulisema hilo kwa mdomo na wala siruhusiwi.

Niambie nifanye nini. Na kama kuna msomaji wako anayezijua Mac kuliko mimi, aniambie kwa nini lile trekta linajisogeza.

Ni mimi,
Fundi wa Busia

*

Fundi, mume wa Maggie,

Jibu hili nilikutumia kwa simu siku ile ile barua yako iliponifikia, kwa sababu uvimbe hausubiri gazeti la Ijumaa. Hapa linatoka kwa ajili ya wengine, kwa ruhusa ya wenyewe. Majina na kijiji nimevibadilisha, hata trekta nimelipaka rangi nyingine, kwa hiyo majirani msijisumbue kutafuta.

Pole kwanza. Umebeba mzigo mzito, na hofu uliyo nayo ni ya mtu mwenye moyo. Nimekwisha kukupa pole, sasa nikukaripie.

Wewe unaweza kuudanganya mchezo uamini uko ndani ya Windows, lakini umeshindwa kusoma kilicho mbele ya macho yako. Shamba lina neno la siri. Walijua neno hilo watu watatu: mama, Eibu, na fundi aliyeiandaa mashine. Ghafla anatokea Okanya. Unadhani mwanamke aliyesimama mbele ya darasa maisha yake yote, akajua nani kamwibia nani majibu bila hata kuinua kichwa, hakumuuliza mwanawe huyu Okanya ni nani? Na huyo Okanya wa Kenya, asiyewahi kufika Molo, anajuaje cha kubonyeza kwenye Mac yake?

Halafu hilo trekta. Mimi ni binti wa Paya, Japadhola kama wewe, na nimeolewa kwa Wateso, mila hiyo nimeiishi pande zote mbili. Jirani hakimbiwi, mwanangu. Jirani huitwa ndani akavutiwa kiti. Anayetoka mlango wa nyuma wewe ukiingia wa mbele, anayepinda njiani akikuona, anayekuambia ulime ng'ambo, huyo ana jina moja tu, na wewe umelitaja mwenyewe mwanzoni mwa barua yako kisha ukalisahau. Kwa Eibu trekta halisogei kwa sababu Eibu ni mtoto wake. Alikujua tangu siku ya kwanza, na siku hiyo hiyo akaanza kukuheshimu. Nawe ukamwambia apunguze ubora wa picha! Heshima ya mtu mzima umeitengeneza kama hitilafu. Nilicheka, sikatai, kisha nikasoma yaliyofuata nikachukua simu.

Rudia alichokuandikia, na safari hii usisome kama Okanya. Maggie anataka mtu wa kumwambia pole pole. Nyumbani kwako, nani humwambia Maggie mambo pole pole? Ataenda akipata mtu wa kumpeleka. Mwenye mke wa kumpeleka ni nani? Mila inamfunga mdomo mbele yako, tena kwa habari za titi, Mungu wangu, kwa hiyo hakuivunja, amepitia pembeni. Hakumpa mgeni siri. Alimpa mkwe ujumbe, na wewe umeukalia tangu mvua zianze.

Labda nimekosea. Labda hajui kitu na siku akijua ataona aibu. Hata hivyo fanya ninayokuambia, kwa sababu mwenye aibu hupona, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kwamba jiwe haliumi si habari njema wala mbaya, ni habari ya daktari, na daktari hawezi kulipapasa kwa mtandao.

Leo funga duka mapema. Hakuna cha laini ya simu asiyoijua, hakuna cha kuiharibu Mac, hizo ni akili za mtoto aliyevunja kikombe. Mkute Maggie jikoni, mpokee anachofanya, mketishe. Usianze na mchezo, utachekesha. Anza hivi: "Mama yako amenituma kwako." Kisha mweleze yote, na Okanya umtaje, maana mke akiyasikia kwa mwingine utalima ng'ambo kweli kweli. Atalia. Mwache alie, ndiyo maana umetumwa wewe. Akimaliza kulia mpange safari.

Kesho asubuhi Maggie afike Molo, amchukue mama waende hospitali, wawili wao. Kama ni wewe unayeendesha gari, wao wakae nyuma, na kioo cha kuangalia nyuma ukigeuze kidogo. Chumba cha daktari si chako, wewe ngoja nje na chai. Eibu ataambiwa na mama yake mwenyewe, siku atakayoichagua yeye.

Kuhusu wazee wa Molo, wakisikia wakataka kuku wa faini, peleka kuku, hajawahi kuvunja ndoa. Lakini kwa mama usiende kuungama. Usipige magoti, usijitaje jina. Yeye amekupa jina la kuzungumza naye, litumie hilo hilo. Kabla hujafunga duka ingia shambani, simama ng'ambo yako, mwandikie: "Jirani, Maggie anakuja kesho asubuhi kukupeleka." Usiongeze neno.

Kisha tazama trekta lake. Likigeuka likaenda, Mac ni nzima. Geuza na lako.

Shangazi Awor