Tanga la Turubai Lako

Windward,
Carriacou.
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Cosmore,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Wifi yangu Hazel hajambo? Goti lake limepoa, au bado anagombana na zile ngazi zenu za Huddersfield kila asubuhi? Mwambie nimemkumbuka, na mafuta ya kuchulia nimeshampa mtu anayesafiri, yatamfikia.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Presha yangu iko pale pale, na mdomo wangu nao uko pale pale. Mbuzi wamenimalizia mbaazi zote za uani. Mwanangu Denisha bado yuko kazini Trinidad, anapiga simu kila jioni kuongea na binti yake Javelle, na Javelle amerefuka mpaka sare za shule zimekuwa aibu.

Pipa lako lilifika, Kaka. Lilifika tangu Juni, na najua umeshamlalamikia Hazel kwamba Merlina hana shukrani. Ninazo. Mchele umefika, sabuni imefika, samaki wa kopo wamefika. Soksi za sufu nazo zimefika, ingawa sijui ulikuwa unamfikiria nani kwa jua hili. Asante sana, Mungu akuzidishie.

Lakini leo nakushukuru kwa kitu ambacho hukujua umekituma. Ni lile turubai jekundu ulilolizungushia pipa kwa nje, ukalifunga kamba, ukaandika MERLINA ENOE, WINDWARD kwa rangi nyeusi, herufi kubwa hata kipofu azione. Kaa vizuri nikuhadithie.

Unajua kimbunga cha mwaka jana kilivyopiga kisiwa chetu kikaondoka na paa letu. Usilolijua ni maisha ya baada ya hapo, kwa sababu kwenye simu nilikuwa nakuambia hatujambo. Tulikaa chini ya turubai la msaada karibu mwaka mzima. Upepo ukija kidogo tu, linapiga pa-pa-pa-pa juu ya vichwa vyetu, na Javelle yuko chini ya meza, vidole masikioni. Mabati yalipokuja nikasema sasa mateso yameisha. Wapi! Shuka ikipeperuka kwenye kamba, mtoto anaingia ndani. Bendera ya shule ikipiga, haendi mapumziko. Kaka, mtoto wa Windward anayeogopa upepo ataishi wapi? Nililia nikamaliza.

Hapo ndipo alipoingia Dexron Bethel, yule fundi wa mashua, mtoto wa Mzee Compton wa kule juu. Ana chama cha kufundisha watoto kuendesha matanga kila Jumamosi, na halipishi mtoto senti. Ukijua kuogelea na usipotoroka shule, karibu. Unakumbuka sisi? Kijiji kizima kinaunda mashua, halafu tunakaa mchangani kuangalia watoto wa wageni wakifundishwa kwenye ghuba yetu. Mtoto wa kiume alibebwa chomboni na baba yake kama baba ana moyo. Wa kike aliambiwa arudi akasonge sima. Sasa Jumamosi wanajaa pwani, wasichana kwa wavulana, nami kila nikiwaona namwombea Dexron maisha marefu.

Vyombo vyenyewe vililetwa na watu wa ng'ambo, vimashua vidogo vya mtoto mmoja, pua bapa. Wazee walivicheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi Ursula alisema, "Hivi ni vya kusafiria au vya kufulia?" Lakini vinaelea, na havibagui.

Nikampeleka Javelle. Ndiyo, baada ya wewe kuniambia kwenye simu, "Merlina, baada ya yote yaliyowapata, unamtia mtoto baharini?" Nilikujibu vibaya siku ile, na radhi siombi.

Ajabu ni kwamba alikwenda bila kelele. Akajifunza mafundo, akajifunza usukani, akapiga makasia vizuri tu. Nikajisifu. Kumbe mwenzangu amepiga hesabu zake! Kimbunga kilichana matanga mengi, na kimashua alichopewa hakikuwa na tanga. Kila Jumamosi wenzake wanatoka, yeye anasema, "Watangulie tu, Bibi. Mimi nitangoja tanga langu." Angengoja mpaka azeeke, na moyoni anafurahi. Halafu Dexron akaniambia wazi kwamba asiyetoka na tanga kabla ya mashindano ya Agosti atampisha mwingine, maana wanaongoja nafasi ni wengi. Hapo nikaona mtoto anarudi chini ya meza moja kwa moja.

Pipa likaja wiki ile ile. Dexron ndiye aliyenisaidia kulishusha, na badala ya kuuliza kuna nini ndani, akawa anapapasa nje. "Ma Merlina, hili turubai unalifanyia nini?" Nikamwambia nafunikia kuku. Akasema, "Kuku wasubiri."

Tulilikata sakafuni, tukalishona kwa cherehani yangu, na badala ya sindano zilizovunjika utanitumia nyingine kwenye pipa lijalo. Jina langu lilitua katikati ya tanga, na kwa jinsi lilivyokaa kwenye mlingoti, likasimama kichwa chini miguu juu. Nikataka tulifumue. Dexron akasema hakuna muda.

Javelle alipoliona tu lile tanga akajua ni turubai. Tulikuwa mchangani, chombo kiko nchi kavu, upepo unavuma kiasi chake, na tanga likaanza: pa-pa-pa-pa. Mtoto akarudi nyuma. Akaziba masikio. Nami, nikuambie ukweli, nilitaka kulichana kwa meno.

Dexron hakumbembeleza. Alimwuliza tu, "Linakupigia kelele?"

"Ndiyo."

"Basi linyamazishe. Shika kamba hiyo, vuta."

Akavuta kwa mkono mmoja, mwingine bado uko sikioni. Tanga likajaa, likatulia kimya. Akatazama juu. Akatutazama sisi.

"Limenyamaza," akasema.

"Liachie."

Pa-pa-pa-pa.

"Vuta."

Kimya.

Kaka, yule mtoto alikaa kwenye kimashua juu ya mchanga mpaka jua likazama, anaachia na kuvuta, anaachia na kuvuta, peke yake anacheka. "We, nani kakuambia upige kelele?" analiuliza. Mimi niligeukia minazi nikajifanya natafuta kiatu, maana machozi yalikuwa hayana breki.

Jumamosi iliyofuata akatoka. Akapinduka, akakiinua chombo mwenyewe, akapanda, akapinduka tena. Alirudi amekunywa nusu ya ghuba, anauliza kesho kuna chama?

Kabla ya mashindano, Shangazi Ursula alikataa katakata chombo kushindana bila kubatizwa kama mashua nyingine za Windward. Tukapika mchele na mbuzi (mmoja wa wale wala mbaazi, nilimchagua mwenyewe), tukamwaga pombe ya romu puani mwa chombo, na mama wa ubatizo nikawa mimi. Baba wa ubatizo ni wewe. Usiseme hukuulizwa. Mwenye turubai hakimbii, na baba wa ubatizo ana wajibu wa kuja kumwona mwanawe.

Siku ya mashindano jina langu lilizunguka ghuba nzima miguu juu. Watu wakapata la kusema. "Merlina kapinduka!" "Merlina, shuka utavunjika shingo!" Ursula alicheka mpaka akaketi chini. Javelle alimaliza wa pili kutoka mwisho, na alivyotembea pale pwani ungedhani ameshinda kombe. Nami nilitembea nyuma yake vivyo hivyo.

Basi asante, Kaka. Mdomo wako ulisema mtoto asiende, turubai lako likampeleka. Nalishukuru turubai, nakushukuru na wewe kidogo. Bado kuna chombo kimoja kisicho na tanga, na msichana wa kina McLaren anakingoja kwa hamu ya kweli. Pipa la Krismasi lizungushie tena, tafadhali, na mara hii andika jina la Ursula.

Hapa imebidi niweke kalamu chini. Unajua jikoni bado hatujapata mabati, bado ni lile turubai la msaada. Tumepika shelisheli na samaki, tuko mezani, mimi naandika huku nakula, na upepo umeingia ghafla kutoka baharini. Pa-pa-pa-pa. Kaka, ni mimi niliyeruka. Kijiko kimeanguka, na mkono umeshafika ukingoni mwa meza. Ndipo nikajua kwamba mwaka mzima nilikuwa namwonea huruma mtoto, kumbe tulikuwa wawili.

Javelle ameinuka, mdomo umejaa shelisheli. Ametoka nje, ameivuta kamba ya pembeni, ameifunga kwa fundo lake la chama. Amerudi, ameokota kijiko changu, amekifuta kwa gauni lake, amenipa.

"Limenyamaza, Bibi. Kula."

Nisalimie Hazel, na mwanao Alton na watoto wake wote. Ursula anakusalimu, Dexron anakupa mkono. Mungu awalinde huko kwenye baridi, awape afya na usingizi mtamu, na atufikishe salama Agosti ijayo tukupokee gatini.

Mimi dada yako akupendaye sana, hata ukininunia,

Merlina