Barua Niliyoshonea Mkononi mwa Gauni

Nives, yule Argia wa ghorofa ya chini anamtangazia kila mtu kwamba Ubaldo alisahau maneno yake jukwaani akabuni ya kwake. Hakubuni, shoga. Hakubuni hata neno moja.

Si unajua kila Agosti, kwenye lile igizo la kale, mume, ambaye huigizwa na Ubaldo, huchana mkono wa gauni la mkewe, akatoa barua ya hawara na kuisoma mbele ya uwanja mzima? Na kuishonea humo ni kazi yangu.

Safari hii nilishona barua siyo. Ya igizo na ya kwangu, zote mbili zilikuwa kwenye kopo la vifungo. Nilishona ile ALIYONIANDIKIA UBALDO.

Aliujua mwandiko wake, nilimwona akiisogeza karatasi karibu na macho. Kisha akasoma, sauti juu: "Alhamisi nikifunga bucha, pandia ngazi ya nyuma, mpenzi." Watu wakacheka, wakadhani utani. Mzee mmoja akapiga kelele, "Mkomeshe huyo mwanamke, Ubaldo!"

Na akamkomesha, Nives! Akamvua shela, akamwamuru apige magoti. Na anayeigiza mke ni Ornella, mkewe wa ndoa. Akapiga magoti juu ya mawe, akaomba msamaha kama igizo linavyotaka. Kwa kosa letu sisi wawili. Nami nimesimama pembeni na pini mdomoni. Naona aibu hata kukuandikia.

Baadaye akaja nimfungue gauni. Magoti yamechubuka. Akasema taratibu, hata hakugeuka: "Mwandiko wa mume wangu naujua, Delfina. Na aliyeishona ni wewe. Niambie tu, alikuwa anamwandikia nani?"